Anuarite: Mtawa aliyetambuliwa kwa sanamu ya Mama

IJUMAA za Kwaresima, jua linapoanza kuzama, Mwananyamala hupata sauti nyingine. Katikati ya milio ya pikipiki, honi za daladala na wito wa wauza mihogo, husikika kundi dogo la watu likiimba polepole, likitoka ua mmoja kwenda mwingine.

Hao ni wanajumuiya wa Kanisa Katoliki, wengi wao akina mama waliojifunga khanga juu ya nguo za kazi, wakifuata Njia ya Msalaba. Vituo ni kumi na vinne. Katika kila kituo hupiga magoti, iwe ni kwenye sakafu ya baraza au kwenye mchanga wa uchochoro kati ya Komakoma na Kwa Kopa.

Kituo cha nne kina uzito wake. Hapo hukumbukwa jinsi Yesu, akiwa amebeba msalaba, alivyokutana na Mama yake. Akina mama waliokwisha kukesha na mtoto mgonjwa, au waliowahi kuzika, hawahitaji mahubiri marefu ili kukielewa kituo hicho. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kwa Wakatoliki, mama huyo si wa Yesu peke yake. Injili ya Yohane inasimulia kwamba chini ya msalaba Maria alikabidhiwa kwa mwanafunzi mpendwa, naye mwanafunzi akakabidhiwa kwa Maria. Kanisa limefundisha kuwa katika mwanafunzi yule waamini wote walipata mama wa kiroho.

Lakini umama huo una maana gani kwa mtu aliye hatarini? Je, mama wa kiroho humkinga mtoto wake na kifo, au hufanya jambo jingine? Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa maneno mengi, lakini yuko mtawa mmoja wa Afrika ambaye maisha yake mafupi yaliyapa jibu. Huyo ni Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite Nengapeta wa Kongo.

Jina la Anuarite si geni katika Jiji la Dar es Salaam. Parokia ya Makuburi imewekwa chini ya jina lake, na kwaya ya parokia hiyo imelifikisha jina hilo kwenye redio, kwenye harusi na kwenye misiba, hata katika nyumba za watu wasio Wakatoliki. Hata hivyo, wengi wanaolitamka hawajui kwa undani binti huyo alikuwa nani, na alikuwa amebeba nini mfukoni usiku alipouawa.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 mahali paitwapo Matali, kando ya mji wa Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, nchi hiyo ikiwa koloni la Ubelgiji. Alikuwa wa kabila la Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi, jina ambalo sikio la mtu wa Pwani hulitambua mara moja, na mama yake aliitwa Isude.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Nengapeta, ambalo hutafsiriwa kuwa mali hudanganya. Anuarite, maana yake anayeicheka vita, lilikuwa jina la dada yake. Siku alipopelekwa kuandikishwa shule, majina yakachanganywa, na mdogo akaingizwa kwenye daftari kwa jina la mkubwa. Kosa hilo halikusahihishwa. Binti akakua na jina ambalo si lake, hadi likawa lake kabisa.

Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akapewa jina la Alfonsina. Kwa hiyo mama na mtoto waliingia katika imani mpya kwa mlango mmoja na kwa wakati mmoja.

Nyumba ya Amisi na Isude ilijaliwa watoto sita, wote wa kike. Anuarite alikuwa wa nne. Katika jamii nyingi za wakati ule, na si haba hata za wakati huu, mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume huhesabiwa kuwa na kasoro, kana kwamba yeye ndiye mwenye kuamua.

Amisi alitaka mtoto wa kiume. Alipoona hapatikani, alimwacha Isude na kuoa mke mwingine. Watoto wale wa kike wakakua wakijua kwamba kuzaliwa kwao ndiko kulikotajwa kuwa sababu ya mama yao kuachwa.

Jambo hilo lilimuumiza sana Anuarite. Ni mzigo mzito kwa mtoto kuhisi kuwa nyumba imevunjika kwa sababu yeye si yule aliyetarajiwa. Lakini wanaosimulia maisha yake wanakubaliana kwamba hakuweka kinyongo. Alimsamehe baba yake, akaendelea kumheshimu kama mzazi. Msamaha wake wa kwanza unaojulikana ulikuwa ndani ya nyumba ya kwao, miaka mingi kabla ya ule uliompa sifa duniani.

Akiwa shuleni aliwaona watawa wa Kiafrika wakiishi pamoja, wakifundisha, wakilima na kusali. Shirika lao lilikuwa na jina la Kiswahili: Jamaa Takatifu. Kwa msichana aliyetoka katika familia iliyovunjika, jina hilo pekee lilikuwa mwaliko. Shirika lilijiweka chini ya mfano wa nyumba ya Nazareti, yenye Yesu, Maria na Yosefu.

Isude hakuwa tayari kumwachia. Alikuwa ameachwa na mume, na sasa binti naye alitaka kuondoka. Siku moja lori lilifika Wamba kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kuanza malezi ya utawa huko Bafwabaka. Anuarite alipanda kwa siri na kujificha miongoni mwao. Mama alipokuja kugundua, mtoto alikwisha kufika.

Isude hatimaye alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri, akiwa na umri wa miaka 19. Siku hiyo Kanisa huadhimisha kutabarukiwa kwa Basilika ya Maria Mkuu, kanisa la Roma lililojengwa kwa heshima ya Mama wa Mungu. Alichukua jina la kitawa la Maria Klementina.

Wazazi wake wote wawili walihudhuria. Walitoa mbuzi wawili kwa shirika kuonyesha furaha yao. Amisi na Isude, ambao ndoa yao ilikuwa imekwisha, walisimama siku hiyo mahali pamoja kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa wa kiume.

Maisha yake Bafwabaka hayakuwa na mambo makubwa ya kuandikwa magazetini. Alifundisha shule ya msingi. Alitunza sakristia, yaani mavazi, vyombo na mishumaa ya ibada. Alipika. Alipenda kuwachekesha wenzake, na alikuwa mwepesi wa kuchukua kazi ambazo wengine walizikwepa.

Alikuwa na daftari dogo alimoandika nia zake za kiroho. Humo alijikumbusha mara kwa mara kwamba lengo lake ni kumtumikia na kumpendeza Yesu peke yake. Hakuwa mwandishi wala msomi wa teolojia. Yalikuwa maneno mafupi ya mtu anayejipa maagizo.

Baadaye mama yake alibadili tena mawazo, akamsihi arudi nyumbani asaidie kuitunza familia. Ombi hilo halikuwa la kupuuzwa, kwa kuwa Isude hakuwa na mume wa kumtegemea. Anuarite alibaki katika nadhiri zake. Mtu asidhani kuwa uamuzi huo haukumgharimu.

Kwaresima ya miaka ile ilikuwa na siku moja ambayo leo imesahaulika na wengi. Kabla ya kalenda ya Kanisa kurekebishwa mwaka 1969, Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi ilitumika kuwakumbusha waamini mateso ya Bikira Maria. Sikukuu ya Mama wa Mateso ilibaki tarehe 15 Septemba, lakini ile Ijumaa ndiyo iliyowaandaa waamini kuingia Juma Kuu wakiwa wamesimama kando ya Maria. Watawa wa kizazi cha Anuarite walilelewa katika mafungo ya namna hiyo: kufunga, kusali Rozari na kutafakari mateso kwa macho ya mama.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na amani haikudumu. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Wengi wa wafuasi wake waliona kuwa uhuru umeporwa, umaskini umebaki na wageni bado wanaendesha nchi kwa mlango wa nyuma. Kutokana na hasira hiyo ndipo ulipozuka uasi wa Simba mwaka 1964.

Waasi hao nao walijiita kwa jina la Kiswahili. Waganga wao waliwapa dawa na maji, wakiwaaminisha kwamba risasi za adui zitageuka maji. Historia ya Tanzania ina mfano wake: mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa wapiganaji wa Majimaji ahadi kama hiyo dhidi ya Wajerumani.

Mwanzoni mwa Agosti 1964 Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Kwa macho ya wengi wao, mapadri na watawa walikuwa mawakala wa wageni, hata kama walikuwa Waafrika waliozaliwa vijiji vya jirani. Aliyevaa msalaba alionekana kuwa amevaa bendera ya adui.

Huku Kongo ikiwaka, Roma ilikuwa katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo alitia saini hati kuu ya Mtaguso juu ya Kanisa, ambayo sura yake ya mwisho inamhusu Maria. Siku hiyo hiyo alimtangaza Maria kuwa Mama wa Kanisa.

Hati hiyo ilieleza kwamba Maria ni mama kwa waamini katika mambo ya neema, na kwamba umama wake hauchukui nafasi ya Kristo aliye mpatanishi mmoja. Yalikuwa mafundisho ya maaskofu waliotoka pande zote za dunia. Siku kumi baadaye, katika mji wa Isiro, binti wa Isude aliyatia sahihi kwa damu.

Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua Stanleyville kuwakomboa mateka. Simba waliokuwa sehemu nyingine walijawa na ghadhabu na hofu. Tarehe 26 Novemba waliuawa watu kadhaa huko Wamba, akiwamo askofu wa jimbo hilo, Joseph Wittebols. Alikuwa ndiye mchungaji wa nchi ya akina Anuarite.

Tarehe 29 Novemba lori la Simba liliingia Bafwabaka. Waasi waliwaambia masista kuwa wanawapeleka mahali pa usalama. Walikuwa 46 kwa jumla: watawa wenye nadhiri, wanovisi na wapostulanti. Walipanda lori wakiwa na vitu vichache. Anuarite alichukua sanamu ndogo ya Bikira Maria, akaitia mfukoni.

Hiyo ilikuwa mara ya pili katika maisha yake lori kumchukua na kumpeleka asikokujua. Mara ya kwanza alijificha ili aende. Safari hii hakuulizwa.

Safari iliyosemekana kuwa ya Wamba ikageuzwa kuelekea Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis. Njiani walikutana na afisa wa waasi, Kanali Pierre Olombe. Masista walivuliwa misalaba na rozari zao, zikatupwa. Sanamu ile ndogo ikabaki.

Walifika Isiro tarehe 30 Novemba na kupelekwa kwenye nyumba ya Kanali Yuma Deo. Jioni ilipoingia, karibu wote walihamishiwa nyumba nyingine ijulikanayo kama Nyumba ya Buluu. Anuarite alibakizwa nyuma. Afisa mmoja, Kanali Ngalo, alikuwa ameamua kumfanya mke wake.

Anuarite alikataa. Alitishwa kuuawa, akakataa tena. Mkuu wa shirika, Mama Léontine Kasima, alisimama naye na kukataa kumwacha peke yake. Ngalo alipoona ameshindwa, alimwomba Olombe amsaidie kumshawishi.

Hatimaye Anuarite aliruhusiwa kujiunga na wenzake katika Nyumba ya Buluu. Chakula cha usiku kilikuwa wali na dagaa wa kopo. Masista walikula kwa kushirikiana sahani, lakini yeye hakuweza kumeza. Aliwaeleza wenzake kuwa yuko tayari kufa kuliko kuvunja nadhiri yake, akawaomba wamwombee.

Usiku ulipokuwa mkubwa Olombe alirudi. Sasa alikuwa amebadili nia, na alimtaka Anuarite kwa ajili yake mwenyewe. Aliwaamuru Anuarite na Sista Jean-Baptiste Bokuma waingie kwenye gari. Wote wawili waligoma, wakajaribu kutoroka, wakakamatwa.

Olombe aliwapiga kwa hasira. Mkono wa Sista Bokuma ulivunjika sehemu tatu, akazimia. Anuarite aliendelea kusema kwamba hataki kutenda dhambi, na kwamba kama ni kuuawa basi auawe. Kati ya pigo na pigo, alimwambia Olombe kuwa amemsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo.

Wasikilizaji wa Njia ya Msalaba wanajua maneno hayo yametoka wapi. Ni ya Yesu akiwa msalabani. Anuarite hakuyatafuta usiku ule, kwa maana alikuwa ameyasali kila Kwaresima tangu utoto, na alikuwa ameyatumia kwanza kwa baba yake mzazi.

Msamaha ule haukumtuliza Olombe, bali ulimwongezea ghadhabu. Aliwaita Simba, akawaamuru wamchome kwa singe. Kisha yeye mwenyewe alichukua bastola na kumpiga risasi ya kifua. Baada ya hapo aliwaambia masista waje wamchukue mwenzao.

Walimbeba ndani akiwa bado anapumua kwa shida. Alikata roho dakika chache baadaye, kama saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Zilikuwa zimebaki siku 28 atimize miaka 25.

Tukio hilo likitazamwa kwa jicho la Kwaresima, linafanana na kituo cha kumi na tatu, Yesu anaposhushwa msalabani na kulazwa mikononi mwa Mama yake. Usiku ule Isude hakuwepo. Waliompokea binti yake ni masista wenzake, na kati ya nguo zake zilizolowa damu palikuwa na sanamu ya Mama mwingine.

Mwili wake ulizikwa katika kaburi la pamoja na miili mingine ya waliouawa. Miezi minane ikapita. Makaburi yalipofukuliwa, ilikuwa vigumu kujua nani ni nani. Mwili wa Anuarite ulitambuliwa kwa sababu ya ile sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa bado mfukoni mwake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwanzo. Sanamu ile haikuzuia singe wala risasi. Haikuwa hirizi, tofauti na maji ya waganga wa Simba yaliyoahidi kumfanya mtu asidhurike. Ilifanya kazi nyingine. Katika shimo lenye miili isiyo na majina, ilionyesha huyu ni mtoto wa nani.

Kwa Wakatoliki, ndivyo Maria alivyokuwa hata Kalvari. Hakumshusha Mwanawe msalabani wala hakuwazuia askari. Alisimama. Hakumkana wakati wengine walipokimbia. Umama wa kiroho wanaoutafakari wakati wa Kwaresima ni wa namna hiyo: mama asiyeondoka, na asiyekubali mtoto wake apotee bila kujulikana.

Mwaka 1978 masalia ya Anuarite yalihamishiwa katika Kanisa Kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa. Papa, ambaye mwenyewe alinusurika kuuawa kwa risasi mwaka 1981 na akamsamehe aliyempiga, alitangaza mbele ya umati kuwa Kanisa linamsamehe muuaji wa Anuarite.

Kwa hiyo aliweka nadhiri katika siku ya Maria, na akainuliwa altareni katika siku ya Maria. Kanisa humkumbuka kila tarehe 1 Desemba. Nayo heshima ya Maria kama Mama wa Kanisa, iliyotangazwa siku kumi kabla ya kifo chake, iliingizwa katika kalenda ya Kanisa zima na Papa Fransisko mwaka 2018, ikiadhimishwa Jumatatu baada ya Pentekoste.

Liko jambo moja ambalo halina budi kusemwa kwa uangalifu. Tangu vita vya mwaka 1996, wanawake wa mashariki mwa Kongo wameteseka kwa ukatili wa kingono kwa kiwango cha kutisha. Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, aliyejitoa kuwatibu, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Kumheshimu Anuarite si kuwahukumu wanawake waliotendewa unyama na wakabaki hai. Aibu ni ya mtendaji, si ya mtendewa. Sista Bokuma naye alipigana usiku uleule, akanusurika na mkono uliovunjika. Ushuhuda wake haukupungua kwa sababu aliamka akiwa hai.

Tena, ingekuwa rahisi mno kuyaacha maisha ya Anuarite yawe habari ya mbali, ya waasi na bunduki. Sehemu yake ya kwanza ilitokea katika nyumba ya kawaida, kati ya mume, mke na watoto wa kike. Sehemu hiyo inaweza kutokea Mwananyamala leo.

Katika Hospitali ya Mwananyamala, ambako watoto wengi wa Kinondoni huzaliwa, bado wapo akina mama ambao, kabla ya kumpokea mtoto mikononi, huuliza kwa hofu ni wa kike au wa kiume. Hofu hiyo si ya kutaka kujua tu. Wengine wanajua kwamba jibu linaweza kuamua kama nyumbani watapokelewa kwa vigelegele au kwa ukimya.

Amisi wa Wamba alimwacha mkewe kwa sababu ya binti wa nne na wenzake. Hakujua kwamba ni binti huyo atakayelipeleka jina la nyumba yake mbele ya dunia, na kwamba makanisa, shule na kwaya katika nchi asizozijua zitaitwa kwa jina hilo. Mtoto ambaye hakuhesabiwa ndiye aliyekuja kuhesabiwa kati ya wenye heri.

Kwaresima huwataka Wakristo wasali, wafunge na watoe sadaka. Anuarite anaongeza la nne ambalo ni gumu kuliko yote, nalo ni kusamehe kabla ya kuombwa msamaha. Alijifunza kwa baba aliyemwacha mama yake, akalitimiza kwa kanali aliyemwua. Waliomfahamu hawakusema kuwa alizaliwa jasiri. Alilelewa, na kati ya waliomlea ni yule Mama ambaye sura yake aliibeba mfukoni.

Giza linapokamilika, kundi lile la Mwananyamala humaliza kituo cha kumi na nne. Mishumaa huzimwa ili ibaki ya wiki ijayo. Akina mama huinuka, hukung'uta mchanga magotini, huwashika mikono watoto wao, wa kike na wa kiume, na kuanza safari ya kurudi majumbani.